Sange: umeme wa kubeba kichwani

Jioni ikiingia Sange, mama mmoja anarudisha ndani plake yake ndogo ya jua. Siku ya kukimbia aliifunga ndani ya kitenge pamoja na sufuria, akaibeba kichwani. Nyumba aliiacha, taa akaondoka nayo. Leo plake hiyo inaangazia watoto wake na wa familia iliyompokea, na inachaji simu za wote.

Wakaaji wa Sange wanajua ubaya wa moto wa mafuta. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilianguka hapa likawaka, na zaidi ya watu 230 walikufa. Taa isiyohitaji petroli wala esanse ni usalama pia.

Sokoni wauza plake wanashindana. Mmoja akishusha bei, jirani yake naye anashusha, na maskini anapata nafasi. Lakini batri ya bei ndogo mara nyingi inakufa mapema, na aliyeinunua hana pa kulalamikia.

Kwa miaka mingi umeme wa Kongo ulikuwa mikononi mwa SNEL. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ikafungulia makampuni mengine mlango. Tumaini lilikuwa kwamba ushindani utaleta mitambo ambayo pesa ya serikali haikuweza kujenga.

Kwa Goma tumaini hilo limezaa kitu. Virunga ilijenga mtambo wa maji Matebe, Rutshuru, uliofunguliwa mwaka 2015. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha kituo cha jua cha megawati 1.3 mjini. Mteja akichoka na kampuni moja, anaweza kubisha kwa nyingine.

Katika uwanda wa Ruzizi mambo ni tofauti. Mto uko karibu, na mtambo wa Ruzizi ya Pili, wa Kongo, Rwanda na Burundi, unafanya kazi tangu 1989. Ila kampuni inaanza kwa kuhesabu nyumba zitakazolipa kila mwezi. Familia iliyohama haijui mwezi ujao italala wapi. Kwa mteja wa namna hiyo, makampuni hayashindani.

Waliotunga sheria waliliona jambo hilo. Ndiyo maana sheria hiyohiyo ilianzisha ARE ya kusimamia sekta ya umeme, na ANSER ya kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji.

Plake ya yule mama inatosha taa mbili na simu. Haiwezi kuzungusha kinu cha mihogo, wala kuendesha friji ya chanjo. Hapo ndipo serikali inangojewa: iweke pesa pale soko lisipoingia, na ipime batri kabla hazijamfikia mnunuzi.