Kabla Hujasimamisha Ngazi

Jeddah

Mpwa wangu,

Nimefurahi kusikia umepata kazi kwenye istiraha, nyumba ya mapumziko, nje ya Riyadh. Ila uliposema kazi yenyewe ni kukata makuti, kufunga madishi na kuchimba mashimo ya miti, nimeingiwa na wasiwasi. Umeme hauui mafundi umeme peke yao.

Mjini nyaya nyingi zimezikwa ardhini. Huko nje zinapita juu yenu. Zile za volti 13,800 ni waya mtupu, hazina ganda. Ukiziona zimepiga weusi usidhani zimefunikwa.

Ninachokiogopa zaidi ni ngazi ya alumini. Ikiwa imelala haina neno. Balaa ni pale unapoiinua: macho yako yako chini, unaangalia miguu yake isiteleze, na ncha inapanda peke yake bila mtu wa kuitazama. Kwanza uzunguke mtende mikono mitupu, ukiangalia juu. Kuti bichi lina maji, nalo hupitisha umeme. Na upondo mrefu wa kuangulia tende ni hivyo hivyo. Mtende ulio karibu na waya, chini ya mita 3, usiupande. Mwambie tajiri apige 933, Kampuni ya Umeme ya Saudia, waje wenyewe.

Ukichimba ukakuta utepe wa plastiki wa tahadhari au vigae vimepangwa, weka sepetu chini. Hapo pana kebo.

Hapa Jeddah upepo wa bahari huacha chumvi kwenye vikombe vya nguzo, na alfajiri ya umande utavisikia vikichachatika. Kwenu ni vumbi, likilowa na mvua ya kwanza. Umeme ukivuja hapo, hata waya unaweza kukatika. Waya ukianguka, ardhi inayouzunguka nayo ina umeme: ondoka ukiburuta miguu iliyobanana, usipige hatua. Mwenzako akinaswa, usimshike, hata akiwa ndugu. Piga simu, uzuie watu.

Tajiri atakuhimiza, najua. Mjibu kwa adabu, "Kahraba, khatar," yaani umeme, hatari, kisha usipande. Akikasirika, nipigie mimi nizungumze naye, Kiarabu ninacho. Kazi nyingine tutatafuta.

Mama yako alikukabidhi kwangu. Nakuomba kesho asubuhi, kabla hujashika chombo chochote, uizunguke istiraha yote, kisha uniandikie nyaya zinapita wapi.

Mjomba wako