Majina ya Mvua

Januari 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, reli ya kwenda Uganda iling'olewa katika mtaa wa Kibera na vijana wakaweka vizuizi vichochoroni. Mpita njia aliitishwa kitambulisho, na macho yakaenda moja kwa moja kwenye jina la pili.

Nilikuwa mwalimu wa nasari upande wa Laini Saba, mwaka wangu wa pili kazini. Tulipofungua, nusu ya watoto hawakurudi. Wakati wa mapumziko wavulana watatu walivuta kamba ya kuruka, wakaikaza mlangoni. Kila aliyetaka kuingia aliulizwa: "Jina la pili?" Wengine walipita, wengine walirudishwa. Msichana mmoja wa miaka minne alisimama juani akingoja, halii, halalamiki, kana kwamba utaratibu ule anaujua.

Niliinyakua kamba. "Hapa hakuna kabila! Sisi sote ni Wakenya!" Wakanyamaza. Kesho yake mchezo ulikuwa umehamia nyuma ya choo.

Na mimi nilikuwa nimejificha vilevile. Tangu mwezi ule nilijulikana kwa jina la ubatizo tu, na jina la babangu nikaacha kulitaja mbele ya wazazi. Niliwakataza watoto kutaja kabila, nao wakaelewa kwamba ni kitu cha kutisha kiasi kwamba hata mwalimu anakiogopa.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Ilihitajika sana, lakini sheria humkuta mtu akiwa mzima, ameshafunzwa na mlango wa nasari. Kilichonigeuza mimi ni masomo ya likizo, nilipokuwa natafuta cheti cha elimu ya watoto wadogo. Huko nilikutana na mawazo ya Louise Derman-Sparks, mwalimu wa Marekani ambaye mwaka 1989, pamoja na wenzake, alichapisha kitabu kuhusu kukabili ubaguzi katika madarasa ya wadogo. Alisema mtoto huona tofauti za watu mapema mno, na mtu mzima akikwepa swali lake, mtoto hujijibu kwa anachokisikia mtaani. Nilisoma nikaiona ile kamba.

Nikaanza kubadilisha vitu vidogo. Rangi ya waridi tuliyozoea kuiita "rangi ya ngozi" ikawa waridi tu, nasi tukachanganya kahawia zetu wenyewe, kila mtoto akilinganisha na mkono wake. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ya mvua. Chini ya mabati, mvua ya Aprili ikishika hamna kufundisha, sauti haifiki hata dawati la pili. Niliwakusanya mkekani, vichwa vikagusana, nikawaambia kila mtu akaulize nyumbani jina lake lina maana gani. Kesho yake Okoth alikuja na jibu: mtoto wa mvua. Nafula naye: mtoto wa mvua. Wambua akaruka juu, akidhani wamemwibia jibu lake. Mjaluo, Mluhya na Mkamba, mvua ileile. Wiki nzima, likitanda wingu, watatu hao walikimbilia mlangoni kuipokea mvua yao.

Nilihamia Kawangware baadaye. Tarehe 27 Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio, majirani walipigana na moshi ukaonekana tena. Tuliporudi darasani, msichana mmoja alikuja karibu, akanishika sketi. "Ticha, wewe ni wale?"

Niliketi mkekani, nikampakata. Nilimwambia ndiyo, mimi ni wa kabila la hao aliowataja. Nikamwambia waliochoma walikosa, na kwamba usiku ule mimi nililala kwa jirani wa kabila la kwao msichana huyo, aliyenifungia mlango na kukaa macho hadi asubuhi.

Alifikiri. Kisha akaniuliza jina langu la pili, na maana yake. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwauliza watoto swali hilo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi.

Nikamwambia.