Ukakasi wa Barolo

Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji cha zabibu, na yote mawili yalikuja kwa merikebu. Mvinyo lilitoka kwa Wareno. Divai hunasibishwa na Kifaransa. Pengine ndiyo sababu wengi hudhani kwamba lugha hii haina la kusema juu ya kinywaji hicho ila la kukopa. Yupo kijana mmoja wa Kaloleni, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambaye naye aliamini hivyo mpaka alipoanza kujiandaa kwa mtihani.

Kijana huyo ni mhudumu katika hoteli ya kifahari upande wa pili wa jiji. Mtihani ulimtaka azijue divai za nchi nyingi, lakini iliyomtesa ni Barolo, itokayo katika vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini mwa Italia. Hutengenezwa kwa zabibu ya aina moja tu, Nebbiolo, ambayo jina lake huhusishwa na ukungu unaotanda vilimani humo majira ya mavuno, mwezi wa Oktoba. Ni zabibu laghai. Ganda lake ni jembamba na divai yake huwa nyepesi kwa rangi, hata mgeni akadhani ameletewa kitu kilichozimuliwa. Akishaonja, hukuta ulimi umeshikwa na ufizi umekauka. Ikizeeka, ukingo wake ndani ya bilauri hugeuka rangi ya kigae. Mkazi wa Kaloleni hahitaji kufundishwa rangi hiyo, maana ameiona juu ya mapaa ya mtaa wake tangu utotoni.

Na mtaa huo una habari yake. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na miongoni mwa waliotumikishwa katika ujenzi ni mateka wa kivita wa Kiitaliano, walioletwa Kenya baada ya jeshi lao kushindwa nchini Ethiopia mwaka 1941. Basi watu wa nchi ya Barolo walikwisha kufika Eastlands kabla ya Barolo kufika hotelini, na walifika kama wafungwa.

Jioni kijana alikuwa akikariri masomo yake kwa Kiingereza, naye nyanya yake, ambaye humwita kukhu kwa desturi ya Waluhya, akimsikiliza. Alipomwuliza maana ya neno tanini, kijana alijaribu kueleza: ni kitu kilicho katika maganda na mbegu za zabibu, kinachokausha kinywa na kuukwaruza ulimi.

“Si ukakasi huo, baba?” akasema kukhu. “Hujawahi kula ndizi mbichi wewe?”

Neno lilikuwapo. Lilikuwapo kamusini na lilikuwapo jikoni, likingoja kuulizwa. Wataalamu wa istilahi, ambao aghalabu hukimbilia kutohoa kabla ya kutafuta, wangefaidika kukaa kitako na wanawake waliopika pombe. Kukhu alikuwa na maneno mengine pia: uchachu, ugwadu, ukali unaokuja mwanzoni na ule unaobaki kooni. Mitahani ya divai hutahini mambo hayo hayo.

Alikuwa ameyapata katika busaa, aliyoipika kwa miaka mingi na kusomeshea watoto. Unga wa mahindi huchanganywa na maji ukaachwa uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati mpaka ugeuke kahawia. Baadaye hutiwa maji na kimea cha wimbi, ukaachwa tena siku chache, halafu ukachujwa. Penye bati ndipo penye ufundi, na ndipo penye hatari, kwa kuwa harufu ya kukaanga huvuka kuta na kumfikia askari. Kukhu alizijua seli kuliko alivyozijua baadhi ya mitaa ya jiji.

Sheria, kwa hakika, ndiyo inayotenganisha vinywaji hivi viwili kuliko ladha. Katika miaka ya 1920 baraza la mji la wakoloni lilijitwalia peke yake haki ya kutengeneza na kuuza pombe ya Waafrika kule Pumwani, na wanawake waliopika majumbani wakawa wahalifu. Vilabu vya busaa vilivyokuja baadaye vilifungwa kwa amri ya serikali mwishoni mwa miaka ya 1970. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2010, ingawa masharti ya leseni na ufungashaji yaliyowekwa badala yake si mzigo wa mpishi wa chumba kimoja.

Kule Langhe sheria ilikwenda njia nyingine. Wakulima wake nao walikuwa maskini hohehahe. Beppe Fenoglio, mwandishi wa mji wa Alba, alisawiri dhiki hiyo katika La malora, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Lakini jina Barolo likalindwa kisheria mwaka 1966, likapandishwa daraja la juu kabisa mwaka 1980, na leo ni miji na vijiji 11 tu vinavyoruhusiwa kulitumia. Mwaka 1980 huo huo! Wanaosema kizuri chajiuza wangeutazama mwaka huo mara mbili.

Busaa ya kukhu haikuwa na jina la mahali. Wanywaji waliita “ya Mama Fulani”, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na aliyeionja aliweza kuitofautisha na ya jirani.

Kijana alifaulu. Aliporudi nyumbani alimsimulia kukhu jinsi alivyoulizwa Barolo hukaa muda gani kabla ya kuuzwa, naye akajibu barabara: miezi 38 kwa uchache, na 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mti.

“Miezi thelathini na minane,” kukhu akarudia, akiacha kuchambua mboga. “Baba, polisi wangekuja mara ngapi?”