Kutoka Hagadera Kwenda Malta

Wahenga walinena kuwa safari ni hatua. Kwetu wakimbizi wa Hagadera, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, hatua ya kwanza ni kibali cha kutoka kambini. Ndipo ifuate hati ya kusafiria itokanayo na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kisha viza. Nimepata nafasi ya kusoma Malta, nami nazikusanya karatasi hizo. Jirani mmoja, kijana wa rika langu, alinishauri nishike tahriib, yaani safari ya magendo ya kupitia Libya. Mama ndiye aliyemjibu: "Mwanangu, aliyemezwa na bahari hana kaburi la kuzuriwa."

Usiku najifunza Kimalta. Lugha hiyo ina asili ya Kiarabu, ijapokuwa huandikwa kwa herufi za Kirumi: ktieb ni kitabu, siegħa ni saa, baħar ni bahari. Kumbe Kiswahili nilichofunzwa shuleni humu kambini kimenipa ufunguo wa lugha nisiyopata kuisikia! Ila neno baħar silitamki bila kuwakumbuka waliozama njiani. Sanduku liko tayari. Kibali ningali nakisubiri.