Bei ya Habari za Mvua

Msomaji, jifikirie kuwa mkulima wa Chundwa, katika kisiwa cha Pate, nawe una kapu moja tu la mbegu. Ukizipanda na mvua isinyeshe, mtaji wako umepotea. Je, utatoa fedha kununua habari za mvua ijayo?

Wazee wa pwani walikuwa na elimu hiyo bila ya kuiuza. Waliuhesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua majira ya kusi na ya kaskazi. Lakini hesabu hiyo haikuwaambia ni mwaka gani mvua itakosa. Tangu mwisho wa 2020 hata 2022, misimu mitano mfululizo ilipungukiwa mvua katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Kenya.

Leo Idara ya Hali ya Hewa hutabiri msimu mzima, lakini kwa makadirio: mvua yaelekea kuzidi, kuwa ya kawaida, au kupungua. Bidhaa hii haishikiki mkononi, na mara nyingine itamkosesha mnunuzi. Kwa hiyo naona soko lake litajengwa kwa uaminifu. Muuzaji na aeleze shaka yake waziwazi, kwa lugha ya mkulima, kabla jembe halijaingia ardhini. Ushauri wa shamba la mtu mmoja waweza kuuzwa. Onyo la dhoruba baharini lisiuzwe kamwe, kwani uhai wa mvuvi maskini hauna bei.

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya utabiri mwema ni mkulima kurudi kuuliza tena msimu wa pili.