Pole na kazi, halafu niache kidogo

Hivi wewe, ukitoka kazini unarudi nyumbani kupumzika au unaingia zamu ya pili? Nauliza kwa sababu kuna ugomvi mmoja ambao wanandoa wengi tunao, ila kila mtu anaupa jina lake. Huyu ataita dharau, yule ataita mazoea, mwingine atasema kabisa "ana mtu wake huko mjini". Kumbe ni uchovu tu, na uchovu wa watu wawili haufanani.

Sisi tunakaa Mbwawa, Kibaha. Tulihamia huku kwa sababu zilezile zinazowaleta wengi: kiwanja cha bei tunayoiweza, hewa safi, na nafasi ya kufuga kuku bila jirani kununa. Shida ni barabarani. Ofisi yangu iko Posta, na kutoka Kibaha mjini tu hadi katikati ya Dar es Salaam ni kama kilomita 40. Naamka saa kumi alfajiri. Bodaboda, daladala, kisha mwendokasi. Jioni ni vilevile kwa kurudi, na foleni ya Barabara ya Morogoro ikiamua lake, naingia ndani saa mbili na nusu usiku.

Kazi yangu ni ya kaunta. Naongea kuanzia asubuhi: "Karibu, nikusaidie nini?" Ikifika saa kumi jioni, taya zinauma. Mume wangu yeye yuko kiwandani, hapahapa Kibaha, kwenye mashine zenye kelele kiasi kwamba wanaelewana kwa ishara za mikono. Saa kumi na moja yuko nyumbani, na kuanzia hapo ananisubiri. Yaani mtu ambaye hajaongea mchana kutwa anamsubiri mtu aliyemaliza maneno yote. Unaiona hiyo shughuli?

Basi naingia. "Pole na kazi, mke wangu." "Asante, nimeshapoa." Kisha maswali: umekula nini, bosi wako leo kaamkaje, mbona umechelewa kuliko jana? Najibu "mmh". Mwanzoni alikuwa anacheka. Baada ya miezi michache akaacha kucheka, akaanza kununa. Mama mkwe, tunayekaa naye, akaniita uani: "Mwanangu, mwanaume akikosa maneno ndani, atayatafuta nje." Nikamwambia, "Nimekusikia mama," maana huyo si mtu wa kubishana naye. Lakini iliniuma. Mtu nimeamka saa kumi, halafu bado nadaiwa maneno?

Kilichotuokoa, usicheke, ni mgawo wa umeme. Mwishoni mwa 2023 mgawo ulikuwa umeshika sehemu nyingi za nchi, na kwetu umeme ulipenda kukatika jioni. Televisheni hakuna, simu hazina chaji, ndani joto. Tukatoa mkeka nje, chini ya mwembe. Giza lina uzuri wake, hakuna anayekukagua uso kuona kama umenuna. Nikakaa kimya, naye akakaa kimya, mtoto akalala mapajani kwa bibi yake. Ikapita kama nusu saa, nikajikuta mimi ndiye ninayeanza kuongea! Nilimsimulia mteja mmoja aliyenigombeza robo saa nzima, ndipo akagundua kwamba ofisi anayoitaka ni ya jengo la pili. Mume wangu alicheka hadi mama akauliza kuna nini.

Majuma yale hatukugombana hata mara moja.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, kule Rufiji, ukaanza kuingiza megawati 235 kwenye gridi. Mgawo ukapungua hadi ukaisha. Watu wakafurahi, na sisi tukafurahi, televisheni ikawashwa, na haukupita mwezi "mmh" ikarudi. Safari hii lakini tulikuwa tunajua dawa yake, tukakaa chini tukaongea. Mume wangu akasema, "Mimi sitaki stori ndefu. Nataka nijue kama umerudi wewe au umerudi mwili tu." Nikamjibu, "Nipe nusu saa, nitarudi."

Hiyo nusu saa ndiyo imekuwa sheria ya nyumba. Nikifika nasalimia, shikamoo mama, mtoto nambeba kidogo kama bado yuko macho, na ile "pole na kazi" napewa maana ni haki yangu. Baada ya hapo haniulizi mtu kitu mpaka nitoke bafuni. Maji ya moto nayakuta tayari, kwenye jiko la mkaa lililoivishia chakula cha jioni, na mama huwa anatupia humo majani ya mchaichai. Na wala si anasa. Ukioga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala, damu inakuja juu kwenye ngozi, mikononi na miguuni, joto la ndani ya mwili linatoka na kushuka, na kushuka huko ndiko kunakoleta usingizi. Mama mkwe hana habari na hayo. Yeye anasema tu kwamba aliyeoga maji ya moto hagombani.

Anayebandika maji ni mume wangu. Rafiki zake wakamsema, eti nimemlisha limbwata. Akawauliza: "Mimi nafika saa kumi na moja, yeye saa mbili na nusu. Sasa nani abandike, kuku?" Mpaka leo hawajamjibu.

Nikishaoga, simu zote zinaingia kwenye kapu la vitunguu jikoni. Kinywaji ni mchaichai au tangawizi, majani ya chai hapana, kwa sababu saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini, na mimi saa nne nataka niwe nimelala. Tunakaa mkekani, masika tunahamia kibarazani kwa ajili ya mvua na mbu. Yeye ndiye anaanza kuongea, kwani ndiye aliyesubiri. Mimi nachambua mchicha wa kesho na kusikiliza. Nikitaka kuchangia nachangia, nisipotaka si kosa.

Mambo ya pesa yamepigwa marufuku usiku. Ada, LUKU, shemeji anayeomba mtaji, yote yanasubiri Jumamosi asubuhi tukiwa tumeshiba na tumelala vya kutosha. Hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, maana shemeji hupiga usiku, na kumwambia ndugu wa mume asubiri Jumamosi si jambo dogo. Ilibidi mume wangu amwambie mwenyewe. Kwa maoni yangu kazi hiyo ni ya mwenye ndugu, usikubali kutumwa.

Mama naye siku hizi haniiti tena uani.

Ila mechi ya Simba na Yanga ikiangukia siku ya kazi, mkataba wote unasimama. Siku hiyo napita kwa kunyata, najibandikia maji mwenyewe, na nikimuuliza kitu, yeye ndiye anayenijibu "mmh".