Jicho Lililogoma Kwenda Nje

Leo siandiki siasa. Naandika juu ya jicho la mpwa wangu.

Ana miaka saba, anakaa na mama yake Makunduchi. Asubuhi jicho lake la kushoto limetulia kama la mtu yeyote. Jioni akichoka, au akizubaa, linachepuka kwenda nje, upande wa sikio. Ukimwita jina linarudi. Bibi yake alisema hayo ni makengeza madogo, yataondoka yenyewe. Na mimi, mwandishi wa habari ninayejifanya najua kila kitu, nikamuunga mkono. Miaka miwili ikapita.

Kilichonizindua ni skuli. Mtoto akiwa juani hufumba jicho moja. Mwalimu akadhani anamkonyeza, akamchapa. Dada akanipigia simu analia. Nikamwambia amlete mjini.

Tukafika kliniki hapa Mji Mkongwe mapema, tukapanga foleni. Zamu yetu ilipofika, jicho limenyooka! Limegoma kabisa kwenda nje. Dada akaona haya, kama vile tumemsingizia mtoto. Mtaalamu, mama wa makamo, akacheka: "Haya ni makengeza ya kuja na kuondoka. Lazima tuyavizie."

Akamwonesha mtoto picha ndogo umbali wa mita 6. Akaziba jicho moja, akahamishia kizibo jicho la pili, huku na huku, bila kuyaachia yote mawili yaone kwa pamoja. Hapo ndipo ujanja ulipo: macho yakinyimwa nafasi ya kushirikiana, lile lenye kasoro huchepuka. Kila kizibo kilipohama niliona jicho likirudi ndani kushika picha.

Kisha akaweka prizimu mbele ya jicho, vile vipande vya kioo vya pembetatu tulivyovichezea maabara, upande mnene ukielekea puani. Akawa anaongeza nguvu mpaka jicho likaacha kusogea. Nguvu hiyo ndiyo kipimo. Prizimu ya nguvu 1 husogeza mwanga sentimita 1 kwa kila mita 1. Mbali akapata 30. Karibu, sentimita 33, akapata 18.

Nikadhani tumemaliza. Wapi! Akamziba mtoto jicho moja kwa karibu saa nzima, akapima tena bila kuyaacha macho yaonane: karibu imepanda hadi 28. Halafu akampeleka dirishani, akamwambia atazame jahazi kule baharini. Ikawa 35.

Nikauliza, kalamu mkononi: "Sasa niandike ipi?"

"Andika zote, na namna ulivyozipata."

Akanieleza kwa nini. Ikifika siku ya upasuaji, misuli ya jicho husogezwa kwa kufuata kipimo. Ukifuata kipimo kidogo, jicho linaweza kubaki nje. Tena ukubwa wa pembe peke yake hautoshi, lazima ujue mtoto analimudu jicho lake kiasi gani. Kuna alama za 0 hadi 5: 0 linarudi mara moja likizibuliwa, 5 lipo nje muda wote anapotazamwa. Wetu alipata 3 kwa mbali, yaani linatoka lenyewe, lakini chini ya nusu ya muda.

Kwa hiyo hakuna kisu kwa sasa. Turudi baada ya miezi minne, na dada aandike kila siku jicho limetoka lini na mtoto alikuwa anafanya nini. Likizidi kutoka, tutazungumza habari nyingine, maana anaweza kupoteza uwezo wa kupima umbali kwa macho yake mawili.

Nikaomba na barua ya mwalimu. Dada kaikunja, kaiweka ndani ya mkoba pamoja na daftari jipya.

Njiani kurudi mtoto akaniuliza, "Mjomba, kwani nimefeli?" Nikamwambia hapana. Aliyefeli ni mjomba, kwa miaka miwili.

Wasomaji wangu, ukimwona mtoto anafumba jicho moja juani, usimchape. Mpeleke akapimwe, hata kama siku hiyo jicho limegoma.